Jina Juu ya Bakuli la Povu

Wanawake wa kanisa letu hapa Mwabungo wana desturi ya kula pamoja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja hupika kwake akaja na chombo chake, kikawekwa kwenye meza ndefu nyuma ya kanisa, na watu wakapakua wanachopenda. Kwa kuwa sufuria na mabakuli yalikuwa yakipotea, ilikubaliwa kila chombo kibandikwe kipande cha utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi, na juu yake liandikwe jina la mwenyewe. Mtu akionja akaona kitamu, hutazama utepe akajua wa kumshukuru.

Mimi nilikuwa sijui kusoma. Baba alisema mbuzi hawatajichunga wenyewe, basi nikachunga mbuzi, na ndugu zangu wa kiume wakaenda shule. Siyo kwamba walifika mbali. Lakini majina yao walikuwa wakiyajua wakiyaona.

Katika kanisa hilo nimekaa miaka kumi na tisa, na miaka yote nimeosha sufuria. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilipofika mara ya kwanza nikitoka pande za Mackinnon Road, mume wangu Chengo akiwa ameniacha kwa mwanamke wa hukohuko barabarani, nilikuta wanawake wawili wameinama kwenye karai nyuma ya kanisa, nikainama nao. Baada ya miezi michache wale wawili wakainuka wakaenda mezani. Mimi nikabaki. Mtu akishazoea kukuona umeinama, hudhani ndilo umbo lako.

Kuna cheo ambacho wanawake wenyewe hukiita mama wa meza. Huchaguliwa kwa kunyanyua mikono, naye hukaa miaka miwili. Mama wa meza husimama penye chakula, hupokea wageni, husema nani apike nini na nani aoshe. Huchaguliwa yule ambaye chakula chake kimependwa kuliko vyote. Nilikitaka cheo hicho. Siwezi kusema sikukitaka. Nilitaka siku moja nisimame mahali pakavu, mikono yangu iwe mikavu, na mtu mwingine aulizwe kama sabuni imekwisha.

Tena nilikuwa na cha kunifikisha hapo, kwani nilikuwa nikijua kutengeneza povu, chakula kitamu cha baridi cha maziwa na matunda.

Povu hilo nilifundishwa na Mama Hilda, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mjane, niliyemfanyia kazi ya nyumba huko Galu miaka kumi na mmoja. Yeye na wenzake, wazee kama yeye, walikuwa wakikutana kila Ijumaa kwa mmoja wao, kila mtu na chakula chake, sawa na sisi. Chakula cha Mama Hilda kilikuwa hicho kimoja tu, hakukibadilisha hata siku moja. Aliniambia mama yake alikuwa akikitengeneza kwa karamu za kanisa alipokuwa msichana mdogo, zamani za vita vyao, wakati sukari ilikuwa adimu kwao na kopo la maziwa lilifunguliwa kwa sherehe tu. Mara nyingine alikuwa akionja kijiko kimoja, anafumba macho, na machozi yanamtoka. Mimi nasimama pale na mwiko nikimtazama. Nilikuwa nikiwaza kwamba utoto wangu mimi, ukiwa na ladha, ni ladha ya uji wa mahindi uliokosa chumvi, na sijui kama ningeulilia.

Kulitengeneza si kazi ngumu, ila halitaki haraka. Unga wa jeli huukoroga kwa maji ya moto ukayeyuka, ukauacha upoe hadi uwe mzito kama ute wa yai. Kopo la maziwa mazito hulilaza kwenye friji tangu jana yake, kisha huyapiga yakiwa baridi hadi yanavimba na kusimama, bakuli nusu linakuwa bakuli zima. Huchanganya jeli na maziwa taratibu, kwa kufunika na kufunua, usiyaue mapovu. Mwisho hutia matunda yaliyokatwa madogo: embe, ndizi, chungwa lililomenywa hadi ngozi ya ndani, na nanasi. Kisha unalirudisha kwenye friji hadi kesho. Likitoka, ni laini kama pamba iliyolowa, na baridi yake hushuka hadi kifuani.

Nanasi ndilo lenye siri. Mama Hilda alikuwa akitumia la kopo tu. Siku moja makopo yalikosekana madukani, nikanunua nanasi zuri la Kikoneni, limeiva linanukia hadi mlangoni, nikalikata nikatia. Kesho yake hapakuwa na povu. Kulikuwa na maji ya rangi ya waridi yenye vipande vinavyoelea, na maziwa yamekuwa machungu kama dawa. Mama Hilda hakunigombeza. Alisema nanasi bichi hula jeli na huchachusha maziwa, ndiyo maana mama yake alimwonya asitie ila la kopo. Mimi nikakaa nikafikiri: la kopo lina nini ambacho langu halina? Limepikwa, basi. Ijumaa iliyofuata nikalichemsha nanasi la Kikoneni kwanza, likachemka kitambo, likapoa, nikatia. Povu likasimama, na harufu yake ilishinda ya kopo mbali sana. Mama Hilda alicheka hadi akakaa chini. Alisema amelitengeneza miaka sitini na hakuwahi kuliwaza hilo.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikihisi kwamba povu ni la mama yake, na ni lake, na kidogo ni langu.

Alipofariki walikuja watoto wake, wakauza nyumba na vyote vilivyokuwamo. Miaka kumi na mmoja, na nilichoondoka nacho ni bakuli la kioo lenye ukingo wa buluu, kwa sababu lilikuwa na ufa na mnunuzi alilikataa.

Nyumbani kwangu hakuna friji. Basi nilipotaka kuleta povu kanisani, nilimweleza Cynthia. Cynthia ni katibu wa wanawake, aliwahi kuwa karani katika hoteli moja ya Diani, na mumewe anauza vifaa vya ujenzi Ukunda. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu. Alinisikiliza vizuri. Akasema nije Jumamosi asubuhi nitengeneze jikoni kwake, friji ipo, na Jumapili yeye atalibeba kwa gari lisije likayeyuka njiani. Kalamu na utepe vilikuwa kwake pia, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina. Nikamshukuru. Nilimshukuru sana, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Wanawake wote kanisani huitana mama fulani. Mimi nina mwanangu Karisa, nilipaswa kuitwa Mama Karisa. Cynthia alikuwa akiniita Kanze, wazi hivyo, na tumezaliwa karibu mwaka mmoja. Nilidhani ni mapenzi.

Mara ya kwanza, povu lilipofika mezani, nilikwenda mbio kabla ya kuanza kuosha nikalitazame. Cynthia alinionyesha utepe ubavuni mwa bakuli. "Nimeliandika jina lako, Kanze. Liko pale," akasema. Nikaliangalia. Lilikuwa refu, limeandikwa kwa wino mweusi. Nikapitisha kidole juu yake. Nilikuwa na miaka zaidi ya arubaini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona jina langu limewekwa mahali watu wapite walione.

Likaliwa likaisha kabla ya wali. Kuna mzee mmoja, Mama Kaindi, Mkamba wa kule kwenye mashamba ya walowezi, hana jino hata moja. Yeye alilipenda kupita wote. Ikawa desturi kwamba kijiko cha kwanza ni chake, na hakuna wa kupakua mpaka yeye aonje aseme ndiyo. Nikiwa kwenye karai nilikuwa nikiisikia sauti yake akisema mkono huu ubarikiwe. Nikawa naipokea ile baraka na maji ya sabuni hadi viwikoni.

Utaniuliza kama sikusikia jina la Cynthia likitajwa. Nililisikia. Wanawake walikuwa wakimpa asante, nami nikadhani ni kwa gari, ni kwa friji, ni kwa chapati zake. Ukiwa mbali na meza, maneno hukufikia yakiwa nusu, na nusu nyingine hujaza mwenyewe kwa unavyotaka. Wanawake walioleta vyombo kwenye karai walikuwa wakinitania, "Povu la huko wanakula, la huku unaoshea," nami nacheka, nikidhani wanajua.

Ikaenda hivyo miaka minne. Povu la Pasaka, povu la Krismasi, povu la arusi ya Musyoki. Mwaka jana mwezi wa kwanza ukafika wakati wa kuchagua mama wa meza. Akatajwa Cynthia. Nilinyong'onyea, lakini nikasema moyoni, amesoma, ana gari, ni haki yake. Nikanyanyua mkono wangu pamoja na wengine. Mkono huuhuu.

Mwaka huohuo lilianza darasa la watu wazima katika shule ya msingi, jioni mbili kwa wiki. Mwalimu alikuwa Bi Husna, Mdigo wa hapahapa, mpole lakini hakubali uvivu. Nilikwenda kwa sababu nilichoka kutia kidole gumba. Alitufundisha kwa pakiti za chumvi na majani ya chai, kila mtu alete alichonacho nyumbani. Mwezi wa tatu nikaweza kuandika KANZE. Nililiandika kwenye mchanga, kwenye vumbi la dirisha, kwenye mvuke wa kifuniko cha sufuria.

Jumapili moja nikalirudisha bakuli langu nyumbani kuliosha, na utepe ulikuwa bado umebandika. Nikautazama. Nikatafuta K, hakuna. Nikahesabu herufi, zikawa saba, na zangu ni tano. Nikaona labda yameandikwa majina mawili, labda limeandikwa la ukoo. Mtu akiupenda uongo huusaidia. Niliubandua taratibu usichanike, nikaubandika ndani ya daftari, na Jumanne nikampelekea Bi Husna.

Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia. Akasoma kwa sauti ya chini: Cynthia.

Nikamwomba asome tena.

Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini. Nilihesabu vijiko vyote, asante zote, baraka zote za Mama Kaindi. Kesho yake nikamkuta huyo Mama Kaindi njiani, nikamwamkia shikamoo, na nikamuuliza kama mtu asiye na neno kwamba hivi Cynthia tulimchagua kwa lipi. Akastaajabu kwamba sijui. Akasema si kwa lile povu lake, mwanangu, nani mwingine hapa ana mkono ule?

Ningeweza kumwambia palepale. Nimelifikiri sana jambo hilo. Lakini nani angeamini? Mwosha sufuria asiye na friji, anadai chakula cha Kizungu cha mke wa mwenye duka. Basi nikanyamaza, na ukimya wangu ukaanza kuchacha.

Mwezi wa nane ukaja. Mchungaji wetu, Harrison Ziro, alikuwa amehamishwa kwenda Mackinnon Road, na kanisa likaandaa chakula cha kumuaga. Wageni wangetoka makanisa mengine. Cynthia alikuja mwenyewe hadi kwangu kuniambia nitengeneze povu maradufu. Alisema siku hiyo ni ya heshima, Kanze, usiniangushe.

Alisema usiniangushe. Angesema usijiangushe, labda mambo yangekwenda njia nyingine.

Jumamosi asubuhi nilikwenda jikoni kwake kama kawaida. Nikayeyusha jeli. Nikayapiga maziwa, yakasimama kama siku zote, kwa maana mikono haikujua ninachokusudia. Nikakata embe na ndizi. Kisha nikachukua mananasi mawili ya Kikoneni, nikayamenya, nikayakata, na sufuria ya kuyachemshia ikiwa pale mbele yangu, safi, niliyoiosha mimi. Sikuiweka motoni. Nikatia nanasi bichi, nikachanganya, nikafunika kwa sahani na kitambaa. Cynthia alipita akichukua maji, akasema linanukia. Nikamwambia ndiyo, la leo linanukia sana.

Jumapili meza ilitandikwa nguo nyeupe. Mimi nilikuwa mahali pangu kwenye karai, lakini siku hiyo nilikaa upande unaotazama meza. Cynthia alikuwa amevaa kitenge kipya, anawaonyesha wageni chakula kimoja kimoja. Alipofika kwenye bakuli la ukingo wa buluu alitabasamu, akaondoa kitambaa. Juu lilionekana zima, lina ngozi nyembamba ya povu. Akamwita Mama Kaindi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kijiko cha kwanza ni chake. Wiki mbili nzima nilikuwa nimewaza uso wa Cynthia tu. Mdomo wa yule mzee sikuwa nimeufikiria.

Nilisimama. Nikapiga hatua moja kuelekea mezani. Kijiko kilizama kwenye maji, kikatoka kinachuruzika. Mama Kaindi alikiweka kinywani kwa imani, kama alivyofanya miaka minne. Uso wake ukakunjamana. Alijaribu kumeza kwa heshima ya wageni, ikamshinda, akatema kwenye ncha ya leso yake mbele ya mchungaji.

Mgeni mmoja akachungulia bakuli, akarudi nyuma. Cynthia alikoroga kidogo, akaona maji. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Si mimi niliyelitengeneza hili. Ni Kanze. Mimi nilimpa friji tu."

Miaka minne nililisubiri jina langu litajwe penye meza ile. Likatajwa.

Mama Kaindi alijifuta mdomo polepole. Mzee yule hana meno lakini ana akili. Akamuuliza, "Na lile la Pasaka?" Akaongeza, "Na la arusi ya Musyoki?" Akaendelea kuuliza, la Krismasi, la mwezi uliopita, na kila swali Cynthia alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo. Mwisho mzee akageuka kwenye karai akaniita. Nikaenda, mikono inadondosha maji.

"Kanze, mwanangu, yale yote ulitengeneza wewe?"

Laiti ningesema ndiyo nikaishia hapo. Ukweli ulikuwa umekwisha kujitokeza wenyewe, na watu wote wanamtazama Cynthia. Ningesema, ndiyo mama, na hili limeniharibikia, samahani. Mtu yeyote huharibikiwa siku moja. Wangeniinua.

Lakini sikuweza kuvumilia wadhani sijui. Nilikuwa nimenyang'anywa sifa ya mkono wangu miaka minne, na sasa niikubali aibu ambayo mkono wangu hauna? "Yote ni yangu," nikasema. "Na hili sikulikosea. Nanasi sikulichemsha, makusudi, kwa sababu jina lililo hapo si langu."

Mama Kaindi alinitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliitazama leso yake, akaikunja upande uliolowa ukaenda ndani. Akaniuliza, "Ulijua mimi ndiye ninayeonja?"

Mchungaji Harrison akatoa neno la kupoza, akasema tuombe, tukaomba, wakala wali. Nikarudi kwenye karai nikaosha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeinama.

Wiki iliyofuata wanawake walikaa kikao. Cynthia aliomba radhi. Alilia, akasema ni shetani, akasema ilianza kwa bahati mbaya mtu alipomsifu akashindwa kukanusha. Wakamsamehe. Amebaki mama wa meza hadi leo. Mimi niliulizwa kama nina neno, nikasema sina. Mmoja wao akasema, bila ubaya, kwamba mwizi wa sifa anaweza kukaa mezani, lakini anayeharibu chakula cha watu kwa kusudi, utamwachiaje sufuria? Wengine wakaitikia. Kosa la Cynthia lilikuwa la miaka minne, langu la asubuhi moja. Ila la kwake halikumchefua mtu tumboni.

Bado nakwenda. Jumapili za mwisho wa mwezi napeleka mihogo ya kuchemsha yenye nazi, ambayo haihitaji friji ya mtu. Utepe naubandika mwenyewe, na kuandika naandika mwenyewe, KANZE, herufi tano, ya mwisho huwa inapinda. Wengi hupita wakachukua wali. Kisha naosha.

Juzi Mama Kaindi alinipitia nyumbani. Nikamwekea mkeka, akakataa, akakaa kwenye kigoda karibu na kabati, akaliona bakuli la ukingo wa buluu limefunikwa. Tukaongea habari za mvua na za wajukuu. Alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni, akaniuliza lile laini atalila lini tena, maana mihogo yangu humshinda kutafuna.

Nikamwambia sina friji, mama.

Akatazama upande wa nyumba ya Cynthia, kisha akanitazama mimi. Alingoja kidogo niseme jingine. Nikamshika mkono nikamsindikiza hadi njiani.